Waya Juu, Makala Chini

Ukisikia watu wa Likasi, Kongo, wanabishana kama shule ijengwe karibu na nyaya za umeme mkubwa, usidhani wanagombania mwanga. Mwanga una wenyewe. Umeme wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza mwaka 1930 kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba. Mama wa mtaani bado anapikia makala. Mwaka 1982 ukaja umeme wa bwawa la Inga, kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, ukiwapita wanavijiji kama mheshimiwa asiyeteremsha kioo cha gari.

Watetezi wa kiwanja hicho cha shule wanasema ni cha bei nafuu. Kweli kabisa, ajabu, hakuna tajiri hata mmoja anayekitaka! Wanasema pia nyaya hizo hazijamdhuru mtu. Hata soko la Matadi Kibala, Kinshasa, lilikuwa na amani yake mpaka tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulipokatika ukaangukia maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wao akina mama wachuuzi.

Haya, waheshimiwa wa kamati ya shule, kama pale ni salama hivyo, tangulieni nyinyi na ofisi zenu. Watoto watafuata.