Gemu Milioni Tisa za Shemeji

Anayeishi katika makazi ya wakimbizi hahitaji semina ya umuhimu wa nakala. Nakivale, makazi yetu hapa Uganda, ilianzishwa mwaka 1958, na sijaona humu nyumba isiyo na bahasha ya plastiki iliyofichwa chini ya godoro, imejaa kopi na kopi za kopi: karatasi ya familia, kadi ya kliniki, matokeo ya shule, barua ya kuthibitisha kwamba barua nyingine ilipokelewa. Kwa hiyo nilipoanza kutengeneza nakala za kaseti za gemu za zamani, nilidhani kijiji chetu kizima kitanielewa. Mke wangu aliniuliza kama kaseti nazo zimeomba hifadhi.

Nazungumzia zile kaseti za plastiki za mashine zilizoiga Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983. Ile ya asili sijawahi kuigusa. Nilikulia Goma na ya kuiga, yenye pedi mbili na bastola ya kupigia bata, na mpaka leo sioni nilichokosa. Chipu iliyo ndani ya kaseti ni ngumu kufa. Kinachokufa ni vile vijino vya shaba vinavyogusana na mashine, kwa sababu sisi sote tulipokuwa watoto tulivipuliza. Gemu ikigoma, puliza. Ikigoma tena, puliza kwa hasira. Kumbe tulikuwa tunatia mate, na mate yakakaa humo miaka na miaka yakiila shaba polepole.

Kunakili kunataka kisomeo, kijisahani cha umeme unachochomekea kaseti upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Changu kilitoka Kampala, nikakipokea Mbarara kwenye mizigo ya basi, nikakibeba hadi nyumbani kama yai. Kilikuwa na nafasi ya vijino 72. Kaseti zetu zina vijino 60. Muuzaji, nilipompigia, alinishauri nisukume kwa nguvu. Ikabidi nirudi Mbarara kutafuta kiunganishi, na fundi niliyempata akanieleza kwa nusu saa nzima kwamba vijana wa leo wanacheza gemu kwenye simu.

Halafu kuna vumbi. Barabara ya kuja huku ni ya udongo, na kila lori linapopita hugawa sehemu yake kwa kila nyumba bila upendeleo. Dawa ya vijino vichafu ni spiriti ya duka la dawa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisema spiriti ni kupoteza pesa, akaleta waragi. Nikamweleza kwamba waragi ni asilimia 40 tu ya kileo, sehemu kubwa iliyobaki ni maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Akasema basi isiharibike bure. Kaseti ikapata tone, shemeji akapata chupa.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Unasoma kaseti, unapata faili. Unaisoma tena, unapata faili ya pili. Halafu kompyuta inazilinganisha. Zikitofautiana hata kidogo, kijino kimoja kimedanganya, na unaanza upya. Mara nyingi wingu hupita juu ya sola katikati ya usomaji, kompyuta ikazima, na watoto waliojazana mlangoni wakashangilia kama vile ndiyo gemu yenyewe.

Ndipo shemeji akaleta kaseti yake. Aliibeba tangu Kongo, ikiwa imefungwa ndani ya soksi, na kibandiko chake kilisema, kwa tarakimu kubwa nyekundu, 9999999 katika 1. Ukiiwasha unaona bahari, ndege wanapaa, na orodha isiyo na mwisho. Shemeji alikuwa ameoa akiwa na gemu hizo. Alizihesabu kama mali.

Nikaisoma. Ilinichelewesha, kwani mashine ile huona kilobaiti 32 tu za programu kwa mara moja, na kaseti kubwa hubadilisha kurasa kwa ujanja wake. Kisomeo kisipoujua ujanja huo kinasoma ukurasa uleule mpaka jioni. Hatimaye faili ikatoka: kilobaiti 192. Ndani yake, Mario, vifaru, bata, sarakasi, na vile vyombo vya angani. Tano. Zingine zote ni hizohizo: Mario anaanzia hatua ya pili, Mario anaanzia hatua ya tatu, vifaru kwa jina lingine.

Shemeji akatazama kompyuta, akanitazama mimi. «Shemeji, zingine umezipeleka wapi?»

Nikacheka. Hakucheka. Kufikia Jumapili nilikuwa nimeshtakiwa kwa mwenyekiti wa kijiji kwa upotevu wa gemu milioni tisa, laki tisa na tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na nne.

Nilijitetea kwa hesabu. Hata gemu ndogo ya kilobaiti 24, nikasema, ukiizidisha mara milioni kumi unapata kama gigabaiti 240. Kaseti ya enzi zile ingezibeba wapi? Mzee mmoja akauliza kama hiyo gigabaiti ni ya kwetu au ya Wazungu. Nikajaribu njia nyingine: tukizihakiki moja baada ya nyingine, dakika moja kwa kila gemu, usiku na mchana, tutamaliza baada ya miaka 19; na kwa sola, inayotupa mchana tu, miaka 38. Mwenyekiti akasema baraza lina subira, tuanze.

Tukaanza na vifaru. Mwenyekiti alishika pedi ya kwanza, shemeji ya pili, kulinda tai dhidi ya vifaru 20 vya adui. Mwenyekiti alikuwa akimpiga shemeji mwenyewe, na katika gemu ile ukipigwa na mwenzako unaganda mahali ulipo. Shemeji alipofunguka aligeuka kwa hasira, akafyatua, risasi ikamkosa mwenyekiti ikampata tai wao. Gemu ikaisha.

Hukumu haijatoka mpaka leo. Kaseti imeshikiliwa kama kielelezo nyumbani kwa mwenyekiti, pamoja na mashine, kwa kuwa kielelezo hakiwezi kukaguliwa bila mashine, na usiku tunasikia kikikaguliwa. Shemeji sasa anakuja kwangu kucheza ile nakala kwenye kompyuta. Anamaliza ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, kisha anaweka kikombe chini na kuniuliza ya sita iko wapi.