Shahidi wa Shemeki

Mjini Uvira, "sina esanse", yaani sina petroli, ni udhuru unaokubaliwa na kila mtu. Hauhitaji ushahidi, haumkasirishi mkwe, na mara nyingi ni kweli. Udhuru wangu umeuawa na kikompyuta cha safari nilichofungiwa kwenye Carina yangu kuukuu.

Wenye magari ya karibuni hawana taabu ya kukifunga. Marekani ililazimisha tangu 1996 kila gari dogo jipya liwe na tundu la aina moja la kuchomekea vipimo. Carina yangu ilitoka Japani kabla ya hapo, kwa hiyo fundi wa umeme alijilaza chini ya dashibodi, akaunga waya wa nozeli na waya wa spidi. Kompyuta hupima nozeli inafunguka kwa muda gani, ikajua mafuta yaliyoungua, kisha ikakisia yaliyobaki yatakufikisha wapi.

Sharti lake ni moja: ujaze tenki, uiambie umetia lita ngapi. Nilijaza kwa kadafi, muuza esanse wa barabarani, ambaye bidoni yake ya lita tano hutimia tano mdomoni mwake tu. Kompyuta ikaamini, ikatangaza kwamba Carina inakunywa kama Fuso la mizigo.

Hilo nililivumilia. Tatizo ni kioo cha kompyuta. Usukani wangu uko kulia, na Kongo tunaendesha kulia. Anayekaa kushoto ndiye anayechungulia lori linalokuja na kukuambia "pita". Cheo hicho ni cha shemeki yangu, yaani shemeji, na fundi alibandika kioo katikati, mbele ya macho yake.

"Shemeki, unifikishe Makobola."

"Sina esanse, shemeki."

Akanyoosha kidole. "Hapa wameandika kilomita 140."

Tulipopita Kalundu, mashimo yakatupokea na namba ikaanza kuporomoka. Kila nilipokanyaga mafuta alinikaripia: "Punguza mguu! Unamaliza esanse yetu!" Kwenye barieri, injini ikinguruma bure, aliwasihi askari waharakishe. Jioni ukoo mzima ulijua tenki langu lina nini, na mama mkwe alikwisha kupanga safari ya Sange.

Mwenye gari la zamani, funga chombo hiki, kitakusaidia kubana matumizi. Ila fundi akikuuliza kioo kikae wapi, mwambie: chini, upande wa mlango wako, nyuma ya goti. Na mafuta, mwambie shemeki achangie kabla hajapanda.