Niacheni Nizeeke

Jumatatu iliyopita nilipanda daladala ya Gongo la Mboto, konda akapaza sauti: "Mpisheni bibi huyo!" Nikageuka kumtafuta bibi. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kijana mmoja mwenye ndevu za kutosha kuoa wake wawili akanyanyuka, akaniamkia shikamoo, akaniachia siti. Nilikaa nimenuna hadi Buguruni. Nina miaka 57. Bibi ni mama yangu, na hata yeye hapendi kuitwa hivyo kabla hajanywa chai. Kwa hasira nilishuka bila kudai chenji yangu, shilingi 200.

Nyumbani nikamsimulia mdogo wangu. Badala ya kunisaidia kununa, akanipa jibu lile lile ninalopewa mwaka wa sita sasa: "Dada, mshukuru Mungu. Si umepona saratani?" Kesi imefungwa. Kumbe ukikatwa titi unakatwa na haki ya kulalamika. Wenzangu wa rika langu wanalalamikia vitambi, wakwe na bei ya vitunguu, wanapewa pole. Mimi nikisema kiuno kinauma napewa mahubiri. Mungu namshukuru kila alfajiri, mlango nimeufunga, na mdomo huu ni yeye aliyenipa.

Au mlidhani dawa zilinifunza upole? Ile dripu nyekundu ilipukutisha nywele na nyusi, kucha zikawa nyeusi kama za fundi gereji. Nikaomba: Mola wangu, nirudishie nywele, hata ziwe mvi. Ningejua ananisikiliza kwa makini namna ile ningetaja rangi nyingine. Zimerudi nyeupe zote, zimejisokota kama za kichanga. Halafu kuna kidonge cha tamoxifeni, kimoja kila siku, miaka 5. Nikahesabu kama mfungwa. Ilipotimia, daktari akaniongezea mingine 5. Hicho ndicho kinachoniwashia jiko kifuani saa nane za usiku, nikaketi kitandani najipepea na mfuniko wa sufuria.

Mimi kazi yangu ni kuchora kanga: pindo, mji, na jina pale chini. Kanga haina huruma. Mji ukisogea kidogo tu upande mmoja, mteja wa Mtaa wa Uhuru anauona toka ng'ambo ya barabara. Sasa mtu mwenye jicho hilo unamwambia asimame mbele ya kioo na titi moja! Nikajishonea la pili kwa vipande vya kanga, ndani pamba ya ulaini na mtama wa uzito, maana lisipokuwa na uzito linapanda shingoni. Lilitoka zuri kuliko la asili, nasema kweli. Siku moja nikalifua, nikalianika. Kurudi uani nakuta limeanguka, na jogoo wa jirani amelikanyaga kwa mguu mmoja, anadonoa kwa raha zake huku akiwaita na mitetea. Nilipiga kelele: "Jamani, kuku wanakula titi langu!" Jirani akatoka mbio, akaona, akajishika kichwa. Jioni akaniletea mtama kilo nzima, umefungwa vizuri, na samahani juu yake. Kilo nzima! Sijui alinikadiria vipi.

Miezi miwili iliyopita goti la kulia likaanza kuuma usiku. Mtu mwingine goti likimuuma anapaka dawa ya kuchua. Mimi nilianza kugawa vyombo. Kimoyomoyo, sikumwambia mtu: cherehani ya mdogo wangu, brashi na rangi za binti wa jirani, masufuria watajua wenyewe. Wiki tatu nzima. Nikaenda hospitali, nikapigwa picha. Daktari mwenyewe mtoto, sawa na kitinda mimba wangu. Akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akaona haya kidogo.

"Goti limelika, mama. Ni umri tu."

"Rudia."

"Umri, mama. Yaani… uzee."

Nilimshika mikono yote miwili nikacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Umri tu! Tangu nianze kukalia yale mabenchi sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Nikatoka nachechemea kwa maringo. Nilipofika kituoni nikaanza kulalamikia ngazi za pale hospitalini.

Basi kila Septemba mwenye kiwanda ananipigia simu. Anataka kanga ya pinki ya mwezi wa Oktoba, na jina la kuwatia moyo kina mama, "kwa kuwa wewe ni mhusika." Mwaka jana nilimpa NENDA KAPIME UACHE UMBEA. Akasema ni kali. Safari hii nikampa NIACHENI NIZEEKE. Akacheka, akasema haitauzika, nani anataka kuzeeka? Nikamwambia aje siku moja akae nami kwenye benchi la kliniki. Nilimkuta pale mama wa miaka 34, mtoto mgongoni, alikuwa ananiangalia mvi zangu kama mtu anayeangalia vitenge dirishani na pesa hana. Huyo angeinunua doti mbili.

Mwenye kiwanda akanyamaza. Kisha akauliza pindo nitalichora la rangi gani.

Nimelichora jeupe, la kujisokota.

Nawe konda wa Gongo la Mboto, kama unasoma hapa: niite bibi, nimekubali. Lakini ile 200 yangu naitaka.