Noti ya Chini ni ya Babu

Ugomvi ulianza pale kaka mtu alipofuta mlango wa jikoni. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameujaza michoro ya chaki, safu baada ya safu: mistari minne kwa nyuzi nne za ukulele, nukta mahali kidole kinapokaa, na juu yake jina la kodi. Kaka yake alikuja kunywa maji, akaona mchoro wa pili na wa tano unafanana nukta kwa nukta, akadhani mdogo wake amejirudia. Akachukua kitambaa cha meza, akafuta mmoja. Alikuwa na nia njema kabisa. Jioni hiyo nyumba haikukalika.

"Mama, amefuta kipimo cha tano!"

"Nimefuta kilichorudiwa."

"Hakijarudiwa! Ile ya juu ni G9, hii ni B ndogo ya saba, yenye tano iliyoshushwa."

"Vidole vilevile, nyuzi zilezile, halafu majina mawili?"

Mimi ni mwimbaji wa alto, nimelelewa na do re mi za vitabu vya kwaya, kwa hiyo nikainama pale mlangoni na kuisoma kodi noti kwa noti. La, re, fa, ti. Binti akanipigia ile iliyofutwa. La, re, fa, ti. Nikawaambia wote wawili wanyamaze, wale, wamsubiri Babu atoke kuoga.

Babu ni baba mkwe wangu. Tunaishi naye Ngamiani, hapa Tanga, na ujana wake wote ulipita katika mji uliokuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye kumbi za dansi, na Black Star na Lucky Star kwenye taarabu ya magitaa. Yeye mwenyewe alipiga besi katika bendi ndogo za mitaani, na gitaa lake la besi bado liko chumbani kwake, juu ya kabati, limefungwa kanga ya marehemu mama mkwe. Aliposikia mjukuu anajifunza jazi alifurahi mno, akaja ukumbini na kiti chake. Akasikiliza. Muziki ule haukuwa ule aliokuwa akiusubiri. Dansi yake ilisimama juu ya do, fa na so, na utamu wake ulikuwa katika jinsi solo, rithim na besi zinavyosukana usiku kucha juu ya kodi hizo chache. Hapa kodi zilikuwa zinabadilika kila kipimo. Alikaa hadi mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, huyu mtu anakwenda wapi?" Akarudi chumbani.

Ukulele yenyewe ililetwa na shemeji yangu baharia, aliyeinunua Honolulu meli yao ilipotia nanga. Na huko Hawaii nako chimbuko lake lilifika kwa meli. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwashusha Honolulu wahamiaji kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi mbao watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye walifungua karakana zao mjini, wakawa wanatengeneza vyombo vidogo kwa mfano wa machete, kigitaa cha kwao. Mfalme Kalākaua alikipenda chombo hicho, kikapigwa hadi ikulu. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Manamba waliokuja kukata mkonge kutoka mbali nao walikuja na ngoma zao, na nyingine zimebaki hapa baada ya mashamba yenyewe kufifia.

Pamoja na chombo, shemeji alileta rekodi kwenye simu. Mojawapo ilikuwa ya Lyle Ritz, Mmarekani aliyetoa mwaka 1957 santuri nzima ya jazi kwa ukulele, kampuni ya Verve ikaichapisha. Nyingine ilikuwa ya Bill Tapia, mzaliwa wa Honolulu wa mwaka 1908, ambaye alipiga gitaa la jazi kwa miaka mingi, akarudia ukulele uzeeni, na akafariki 2011 akiwa na miaka 103. Binti alizisikiliza hizo mpaka sote tukazijua. Kabla ya hapo nilikuwa naiona ukulele kama chombo cha kuimbia watoto. Ritz alinifunga mdomo kwa nyuzi nne tu.

Basi Babu akatoka kuoga, akaketi, akaelezwa kesi. Kaka mtu akajitetea, dada mtu akajitetea. Babu akaagiza besi iteremshwe. Kanga ikafunguliwa, spika ndogo ya kaka mtu ikachomekwa ukutani.

"Piga hiyo kodi yako."

La, re, fa, ti.

"Tena." Safari hii akaweka so chini yake, noti moja nene. Kodi ikasimama, ikawa inataka kwenda do, sote tukaisikia. "Tena." Akaweka ti chini. Vidole vya mtoto havikusogea hata kidogo, lakini ilikuwa kodi nyingine kabisa, yenye giza, inayoelekea mahali pengine. "Tena." Akaweka re. Ikageuka ya tatu.

Kaka mtu akachukua chaki na kuurudisha mchoro alioufuta, bila kuambiwa.

Hapo ndipo nilipoielewa jazi ya ukulele. Noti ya chini kabisa ya chombo hiki ni do ya katikati ya kinanda. Uzi wa so, ulio juu kabisa mkononi, haushuki chini ya do. Umetyuniwa juu, karibu na la. Kwa hiyo ukulele haina sehemu ya chini. Na kodi za jazi zina noti nne, tano, hata sita. Mwenye nyuzi nne lazima aache kitu, na mara nyingi anayeachwa ni mwenye jina, ile noti ya msingi. Katika G9 noti zinazobeba ladha ni ti na fa. Mradi hizo mbili zipo, sikio linajua linapelekwa wapi. So inaweza kuachwa mikononi mwa mwingine. Lyle Ritz alilijua hilo kuliko wengi, kwani baadaye aliishi kwa kupiga besi kwenye studio za Los Angeles.

Wimbo uliokuwa mlangoni ni Autumn Leaves. Muziki wake ni wa Joseph Kosma, Mhangaria aliyehamia Ufaransa, aliutunga mwaka 1945, na maneno ya Kiingereza yakatiwa baadaye na Johnny Mercer. Una vipimo 32. Tuliuweka kwenye A ndogo, ili do iwe C na nyuzi zikiwa wazi zisomeke so, do, mi, la. Kipimo cha kwanza: la, re, fa, do. Cha pili: la, re, fa, ti. Kidole kimoja tu kimerudi nyuma chuma kimoja, do imekuwa ti, na safari imeanza. Cha tatu unatua: so, do, mi, ti. Cha nne kinapita kwenye fa. Halafu cha tano inarudi ile ile la, re, fa, ti, sasa ti ikiwa chini, na kutoka hapo wimbo unateremka kwenye huzuni ya la. Ninaweza kuzungumzia kipimo cha tano mchana kutwa. Mwanakwaya yeyote aliyewahi kushikilia noti moja huku sauti nyingine zikihama chini yake atanielewa.

Walifanya mazoezi kila jioni, Babu na mjukuu. Baba yao alipewa kazi ya kugonga mfuniko wa sufuria kwenye pigo la pili na la nne, akaishika vizuri, ila siku moja alikuwa amekabidhiwa pia maharage, na maharage yakaungua hadi majirani wakaja kuuliza. Tulikula mkate na chai.

Kisha joto la kaskazi likaja. Ukulele ilikuwa ikitundikwa kwenye msumari chumbani kwa watoto, chini ya bati tupu lisilo na dari. Mchana mmoja tukasikia mlio kama kofi. Daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye kifua cha chombo, kilikuwa kimebanduka chote na kuruka, kikining'inia kwenye nyuzi. Gundi ilikuwa imelainika. Binti alilia kilio cha msiba. Babu akaizungushia ukulele ile kanga ya besi, akaenda nayo kwa seremala wa mtaa wa pili, akakaa pale pale dukani akisimamia. Fundi alikwangua gundi ya zamani yote na vanishi iliyokuwa chini yake mpaka mbao ikabaki uchi, akapaka gundi mpya, akabana kwa klempu, akaamuru isiguswe hadi kesho yake. Babu aliniambia angelala huko kama wangemruhusu.

Nyuzi nazo zilikuwa zimeharibika, na za ukulele hapa mjini hatukuzipata. Kaka mtu, ambaye tangu siku ya kitambaa alikuwa akitafuta namna ya kumridhisha mdogo wake, alikwenda Deep Sea kwa wavuvi na kurudi na mishipi ya unene mbalimbali. Mnene kwa do, wa kati kwa mi, myembamba kwa so na la. Sauti ilikuwa safi, hata ikanishangaza. Tatizo ni kwamba mshipi mpya unavutika. Ukityuni, kabla wimbo haujaisha umeshashuka. Kwa siku nyingi nyumba yetu ilikuwa inatyuni asubuhi, inatyuni mchana, inatyuni kabla ya sala ya jioni, na kipaimara cha binamu yao kilikuwa kinakaribia, ambapo Babu alikwishaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba wao wawili watapiga.

Siku ilifika. Turubai, viti vya plastiki, pilau, mshereheshaji mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Babu alivaa suti ya harusi ya mwanawe. Besi ilichomekwa kwenye spika kubwa za kukodi, kipaza sauti kikawekwa mbele ya ukulele, baba yao akakaa pembeni na mfuniko wake. Vipimo vinane vya kwanza vilikwenda vizuri mno. Mashangazi waliacha kula. Wakaingia mzunguko wa pili, na katikati yake umeme ukakatika.

Kipaza sauti kikafa, besi ikafa. Ukulele ikabaki peke yake, kodi zake hazina miguu. La, re, fa, ti, hakuna aliyejua ni ipi. Watu wakaanza kuzungumza, wengine wakidhani wimbo umekwisha, mmoja akapiga makofi. Binti alinitazama, na mimi nikamtazama baba mkwe.

Babu aliweka besi magotini, akafungua kinywa, akaimba. Hakuimba maneno. Aliimba noti za chini kwa majina yake, kwa sauti nene kama ya kwaya: re, so, do, fa. Wazee wa kwaya wa sauti ya nne, ile ya chini kabisa, waliokuwa meza ya karibu walizitambua, kwani kwao hayo ni mambo ya kila Jumapili. Mmoja akamfuata, kisha watatu, kisha meza nzima, ti, mi, la, la, wakihama pamoja naye kila kipimo, na baba yao akagonga mfuniko kwa nguvu zaidi. Kipimo cha tano kilipofika, na ti ile ikatoka vifuani mwa wanaume wazima chini ya vidole vya mwanangu, mwili wangu wote ulisisimka. Nimeimba kwaya tangu utotoni na sijasikia kodi ikikaa vile.

Mzunguko wa mwisho Babu alifanya jambo ambalo hawakulifanyia mazoezi. Mahali pa so aliimba ra, noti iliyo kati ya re na do, akateremka hatua ndogo ndogo: re, ra, do. Wazee walisita kidogo, wakamfuata. Vidole vya binti vilikuwa palepale, la, re, fa, ti, na kodi ikapata jina la nne. Inawezekana kwa sababu ti na fa zinakaa pia ndani ya kodi ya ra, na wapiga jazi huzibadilishana kodi hizo mbili, ya so na ya ra, wapendavyo. Babu hakusoma hayo popote. Alisema tu kwamba so ilikuwa mbali na koo lake lilikuwa limechoka, na ra ilikuwa karibu.

Sasa wameanza All the Things You Are, wimbo wa Jerome Kern wa mwaka 1939. Una vipimo 36, na do yake haitulii: inaanza A iliyoshushwa, inahamia C, kisha E iliyoshushwa, kisha G, kisha E, ndipo irudi nyumbani. Wapiga jazi huupitia kana kwamba hakuna mipaka. Babu amekataa kugusa besi kabla hajaweza kuimba noti zote za chini kwa mdomo, naye ameniomba nimwandikie kila mahali do inapohamia, kwa herufi kubwa, kwa sababu ya macho. Tumefika do ya tatu. Wale wazee wa sauti ya nne wamesema Jumamosi watakuja, na wameuliza kama kutakuwa na chai.