Mizani ya Mzee Kobe

Wanyonge walipochoka kupunjwa mahindi walimwendea Simba, naye siku hiyohiyo akapigisha mbiu: "Asiye na mizani kamili asiingie gulioni." Nia ilikuwa njema. Lakini hakusema mizani ipi, na langoni alimweka Fisi, aliyeijua moja tu, ile ya buchani.

Alfajiri alitangulia Nyani, muuza nafaka, na mizani yake ya mkono: ufito wa chuma, sahani mbili, mawe mfukoni. Fisi akaitikisa kidogo, akampisha.

Akafuata Kobe, malenga, mikono mitupu.

"Mizani iko wapi, Mzee Kobe?"

"Ninayo, mwanangu. Sikiliza."

Akafumba macho, akaanza kughani, ukucha ukigonga gamba, silabi moja pigo moja: 8, akavuta pumzi, 8 nyingine. Mizani 16 kila mshororo, mishororo 4 kila ubeti, bila kupungua wala kuzidi. Alikuwa amekesha kwa kazi hiyo. Silabi moja ilipozidi, aliuvunja ubeti mzima akauanza upya.

"Sioni chuma," Fisi akasema. "Kaa pembeni."

Punda akafika anahema, na mkokoteni wa viazi. "Mizani nimeshapita huko barabara kuu. Kifaru kasoma uzito, haukuzidi."

"Basi ilete niione."

"Nitaibebaje, bwana? Imechimbiwa ardhini!"

Akaambiwa akae na Kobe. Bundi, aliyesema kazaliwa nyota ya Mizani, kati ya Mashuke na Nge, hakuachwa hata amalize. Akarukia mbuyuni.

Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kupima. Muuza duka akalitwika punje, malenga akalitwika sauti, mlinzi wa barabara akalitwika ekseli za malori, nalo likawabeba wote. Wale waliokalishwa juani walikuwa wamesema kweli tupu, na hilo ndilo linaloniuma.

Mchana Mama Swala alilipia kilo 4 kwa Nyani. Alipopima tena kwa jirani, alikuta kilo 3 na nusu. Jioni Simba alishuka mwenyewe gulioni, akaigeuza sahani ya mahindi. Chini yake palikuwa na donge la udongo wa mfinyanzi lililokauka, ukubwa wa ngumi.

"Nilimwona usiku akilibandika," Bundi akasema kutoka mbuyuni. "Asubuhi nilitaka kusema."

Simba akamtazama Fisi kwa muda. Kisha akatoka nje ya lango, akaketi vumbini ubavuni mwa Kobe.

"Mzee wangu, mizani yako wewe inapima nini?"

Kobe akafumba macho, ukucha ukagonga gamba. Nyuma yao Fisi alianza kuhesabu kwa vidole. Pigo la 9 akapotea, akaomba shairi lianze upya.