Muulize Bi Mjuvi: Nimemaliza Kimoja, Nishike Kipi?

*Bi Mjuvi, shikamoo. Nimesoma Norwegian Wood ya Haruki Murakami nikalia. Nataka kingine chake, ila viko vingi na pesa yangu inatosha kimoja tu. Nishike kipi?*
*— Aliyeduwaa, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kunijia mimi kabla hujafika dukani, maana muuza vitabu angekupa kilicho kinene. Mie sina cha kuuza. Nina akili tu, nayo naigawa bure kila Ijumaa, jambo ambalo mhariri wangu amelifanya sababu ya kutonilipa.

Kwanza umjue mtu mwenyewe. Wengine humwita mwandishi. Kwangu mie ni mshindani wa biashara. Mwaka 2015 alifungua ukurasa kwenye intaneti, akawaambia watu waulize watakalo: ndoa, paka, kazi, beseboli. Yakamiminika maswali zaidi ya 37,000, naye akajibu zaidi ya 3,000, kisha yakafanywa kitabu. Watu wakamsifu kwa uvumilivu! Na wale elfu thelathini na kitu aliowaacha bila jibu, nani kawauliza hali? Wangeniandikia mie wangejibiwa wote, tena kwa ukali, ingawa barua yako hii nimeisoma nusu.

Wala usidhani alizaliwa na kalamu mkononi. Alikuwa mwenye baa. Yeye na mkewe, Yoko, walifungua baa ya jazi huko Tokyo mwaka 1974, wakaiita Peter Cat, kwa jina la paka wao. Kazi yake ilikuwa kuchanganya vinywaji, kutayarisha vya kutafuna na kubadilisha santuri. Mwezi Aprili 1978 akaenda uwanja wa Jingu kutazama beseboli. Mmarekani mmoja wa Yakult Swallows, Dave Hilton, akaupiga mpira ukalia pah! Na pale pale, kwenye majani alipokaa, mwenye baa akajua kwamba anaweza kuandika riwaya. Mie nimekaa viwanjani tangu usichana wangu, mpira umenipata hadi kichwani, na riwaya sikuiona. Niliambulia mume. Lakini hayo yana safu yake.

Riwaya hiyo ya kwanza, Hear the Wind Sing, aliiandika usiku mezani jikoni, baa ikishafungwa. Mwanzo wake aliuandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, halafu akajitafsiri mwenyewe kwa Kijapani ili sentensi zitoke fupi. Ikatoka 1979. Usianze na hiyo. Kwa miaka mingi hakutaka tafsiri yake ya Kiingereza iuzwe nje ya Japani, mpaka 2015. Mpishi asiposogelea chungu chake, wewe mgeni waparamia nini?

Haya, tatizo lako. Tatizo lako ni kwamba umeingilia dirishani. Norwegian Wood ilitoka 1987 kwa juzuu mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, na vijana wa Japani wakainunua kwa mamilioni. Umaarufu ukamchosha mwenyewe. 1991 alihamia Marekani, chuo kikuu cha Princeton. Lakini kati ya vitabu vyake hicho ndicho cha ajabu, kwa kuwa hakina ajabu. Watu wanapendana, wanakosana, wanakufa, basi. Hakuna paka anayeongea. Sasa ukaingie dukani useme "nipe kingine kama hiki," ukabidhiwe A Wild Sheep Chase, ambamo mwanamume anatumwa kumsaka kondoo mwenye alama ya nyota mgongoni hadi Hokkaido, na kondoo huyo huingia ndani ya watu akawaendesha. Au Hard-Boiled Wonderland and the End of the World ya 1985, hadithi mbili zinazopokezana sura kwa sura, moja ikiwa Tokyo, ya pili katika mji wenye ukuta ambao mtu haruhusiwi kuingia na kivuli chake. Utarudi dukani udai kuwa waliounga kitabu wamechanganya kurasa.

Dawa zipo. Ya kwanza, paka. Andika majina ya vitabu kwenye vipande vya karatasi, vitandaze mkekani, juu ya kila karatasi weka dagaa mmoja, kisha mlete paka mwenye njaa. Usicheke. Katika Kafka on the Shore kuna mzee Nakata, ambaye hajui kusoma ila anazungumza na paka, na watu humlipa awatafutie paka waliopotea. Humo humo samaki wananyesha kutoka mbinguni, kweupe, mtaani. Paka ana haki yake katika uamuzi huu. Wangu nilimjaribu jana: alianza na dagaa wa 1Q84, akamla wa The Wind-Up Bird Chronicle, akamaliza na wa Kafka, kisha akajilaza juu ya mswada wa safu hii. Nadhani maana yake iko wazi. Apendaye kusoma, anisome mie.

Dawa ya pili, tambi. The Wind-Up Bird inaanza na Toru Okada, mwanamume aliyeacha kazi, yuko jikoni anachemsha tambi, redio inampigia muziki wa Rossini, mara simu inalia na ni mwanamke asiyemfahamu. Basi nawe bandika tambi asubuhi, ungoje. Simu ikilia kabla hazijaiva, kitabu chako ni hicho. Akiwa ni mtu wa mikopo, kata simu, ule tambi. Huyu Okada anapotewa na paka, halafu anapotewa na mke, halafu anashuka ndani ya kisima kikavu akae gizani afikiri. Wewe usishuke popote. Ukitaka giza ingia kabatini, na umwambie mtu.

Nacheka, lakini kwa kitabu hicho nashusha sauti kidogo, maana ndicho kikubwa chake. Katikati ya habari za paka inaingia vita ya Nomonhan ya 1939, mpakani mwa Manchuria na Mongolia, na kuna sura ya mtu anayechunwa ngozi akiwa hai, taratibu, na mchunaji hodari. Mie niliyezoea kusimamia mbuzi wa Idi tangu anaangushwa hadi anapakuliwa, nilikifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai nisiyoihitaji. Tena toleo la Kiingereza tunalosoma limepunguzwa: mfasiri, Jay Rubin, alitoa sehemu kwa sababu mchapishaji aliweka kikomo cha urefu. Wangenipa mie kazi hiyo ningepunguza tambi.

1Q84 je? Ilitoka 2009 na 2010, juzuu tatu, na jirani yangu huitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mwanzo wake ni wa kupendeza: Aomame amekwama kwenye foleni ya magari juu ya barabara ya ghorofa, teksi inapiga muziki wa Janáček, anavua viatu, anashuka kwa ngazi ya dharura, na kule chini anakuta dunia yenye miezi miwili angani. Raha tupu. Kisha unafika juzuu ya tatu, ambamo watu wamejifungia ndani wanachungulia dirishani kurasa kwa kurasa. Kazi ya kuchungulia dirishani nimeifanya mtaani kwangu miaka mingi, na nakwambia kama fundi: haihitaji kurasa zote hizo.

Huenda umesikia pia kwamba kila Oktoba mashabiki wake hukusanyika kwenye hekalu moja huko Sendagaya, mtaa ilikokuwa baa yake baadaye, wakingoja Stockholm imtangaze. Mwaka 2021 wakangoja, Nobel ikamwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Sisemi nilihusika. Nasema tu kwamba mwaka ule nilinuia sana. Na Paradise yake, ukiwa na nauli ya kitabu kingine, ipo kwa Kiswahili: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Ningekueleza pia jinsi Murakami anavyoamka saa kumi alfajiri akiwa na riwaya mkononi, anaandika kwa muda wa saa tano au sita, halafu anakimbia kilomita kumi, na jinsi mwaka 1996 alivyokimbia kilomita 100 kwa siku moja huko Saroma, na jinsi mie ninavyoamka saa tatu nikatoa kazi bora kuliko hiyo. Lakini mhariri anapunga mkono.

Basi, upesi: Colorless Tsukuru Tazaki iache kwanza, ya mtu anayetengwa na marafiki wanne bila kuambiwa kosa lake, utalia tena na mie sitaki barua nyingine yenye machozi. Nunua Kafka on the Shore. Sura moja ni ya kijana wa miaka 15 aliyetoroka kwao, ana upweke ule ule uliokuliza. Sura inayofuata ni ya Nakata na paka wake. Nusu utakuwa nyumbani, nusu utazoeshwa. Mshahara ukitoka, The Wind-Up Bird. Na usiniulize maana ya Kafka. Murakami mwenyewe aliulizwa, akasema kisomwe zaidi ya mara moja.

*Bi Mjuvi, mume wangu anasoma riwaya usiku kucha, taa inawaka, silali. Nifanyeje?*
*— Macho Mekundu, Mombasa*

Mpe After Dark. Inaanza saa sita kasoro dakika nne usiku na kwisha kabla ya saa moja asubuhi, na ni nyembamba. Akimaliza, ficha balbu.