Mdaiwa Sugu na Wenzake: Jaribio la Kuainisha Marafiki wa Kalamu

Furu wa Ziwa Victoria wamevuliwa, wamepimwa mapezi na meno, na wamegawanywa katika spishi mamia kwa mamia. Rafiki wa kalamu, kiumbe aliyepata kuonekana katika shule za sekondari kuanzia Bukoba hadi Lamu, hajatengewa hata ukurasa mmoja. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Nadharia inayoyaongoza ni moja, na asiyependa nadharia anaweza kuiruka: urafiki wa barua hudumu kwa nguvu ya deni. Upendo upo, mwandiko mzuri unasaidia, lakini kinachowafunga watu wawili kwa miaka arobaini ni kwamba mmoja wao hajajibu.

Data zimetoka katika tranka moja la bati lililo chini ya kitanda cha shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huko Moshi, aliyekubali kuchunguzwa kwa sharti kwamba barua zilizofungwa kwa utepe mwekundu zisiguswe. Sampuli ni ndogo. Zipo tasnifu zilizopita kwa sampuli ndogo zaidi, na wenyewe leo tunawaita madaktari.

Tuanze na makazi. Rafiki wa kalamu wa Afrika Mashariki hakai nyumbani, anakaa kwenye Sanduku la Posta. Nyumba nyingi hazikuwa na namba, tarishi hakugonga mlango, kwa hiyo barua ilimfikia kupitia S.L.P. ya shule, ya misheni, au ya ofisi ya baba mdogo. Jambo hili limeathiri sana tabia zake. Barua iliyopita S.L.P. ya shule ilikuwa imepita pia mikononi mwa mwalimu wa zamu, aliyeisoma bahasha mbele na nyuma, na katika baadhi ya shule za bweni za wasichana aliisoma mpaka ndani. Maneno "Fungua kwa tabasamu", yakiwa yameandikwa nyuma ya bahasha kwa kalamu ya rangi na kuzungushiwa maua, yalimpeleka msichana ofisini akaeleze huyo anayetaka tabasamu ni nani. Ndiyo maana tranka lina barua nyingi za "binamu" wasiojulikana katika ukoo wetu.

Umbo la barua yenyewe halibadiliki. Kichwa kina anwani na tarehe, upande wa kulia, kama tulivyochapwa ili tujue. Kisha inakuja shingo, yaani salamu: natumai u mzima wa afya, na ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Wakosoaji huiona shingo hii kuwa ndefu mno, nao wana ushahidi. Katika kielelezo kimoja cha mwaka 1974 salamu zinachukua ukurasa mzima na robo. Zinawafikia baba, mama, wadogo, walimu, na "wote wanaonifahamu na wasionifahamu". Ndipo kinapofuata kiwiliwili, sentensi moja: "Sisi tumefunga shule."

Wakosoaji wamekosea lakini. Watu wawili wasiowahi kuonana wana habari gani ya kupeana? Anayeambiwa aende moja kwa moja kwenye habari atagundua papo hapo kwamba hana habari, na urafiki utafia kwenye barua ya kwanza. Shingo inambeba. Inamfikisha chini ya ukurasa, ambapo nafasi bado ipo, stempu imeshanunuliwa, na sasa inambidi aseme kitu cha kweli. Ndiyo sababu mtafiti makini huanzia mkiani. Barua ile ile ya 1974, baada ya "Wako akupendaye" na sahihi yenye mikia mitatu, ina mstari mdogo uliobanwa pembeni: "N.B. Baba amehama nyumbani." Shangazi anasema aliusoma mstari ule akiwa kwenye foleni ya chakula, akarudisha sahani.

Kuhusu deni, yatupasa kwenda Uswisi. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi 22 walikutana Bern wakaunda chombo ambacho leo tunakiita Umoja wa Posta Duniani. Swali gumu lilikuwa la fedha: barua ikitoka nchi moja kwenda nyingine, nani abaki na malipo? Waliamua kila nchi ibaki na fedha za stempu zake, na nchi inayopokea ifikishe barua bila kudai kitu, kwa dhana kwamba kila barua itazaa jibu na hesabu zitalingana zenyewe. Yaani posta ya dunia nzima ilijengwa juu ya imani kwamba watu hujibu barua. Mwaka 1906, kwenye kongamano la Roma, wakaongeza kuponi ya majibu, karatasi ambayo unamtumia mwenzako wa nchi nyingine aende nayo posta ya kwao apewe stempu ya kukujibia. Imani ilikuwa imeanza kutetereka. Mwaka 1969, Tokyo, ikaanguka: ikakubaliwa kwamba nchi inayopokea mzigo mkubwa kuliko inaoutuma ilipwe tofauti. Posta ilihitaji miaka 95 kukiri kwamba watu hawajibu. Shangazi alilijua hilo akiwa kidato cha pili.

Kwa kigezo hicho cha deni, ngeli zifuatazo zimethibitika.

Mwomba-Picha hutambulika kwa barua yake ya pili. Umri wake ni barua tatu. Picha isipotumwa ananuna, ikitumwa anakuwa ameshalipwa na hana cha kudai tena. Vielelezo ni vingi, vyote vinafanana.

Mkusanya Stempu ni mwaminifu kuliko viumbe wote wa jamii hii, na hasomi barua. Bahasha ikifika anaikata kona kwa mkasi na kuiloweka kwenye bakuli la maji mpaka stempu iachie. Mmoja wa namna hii, wa Denmark, alimwandikia shangazi kila mwezi bila kukosa. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, huku kwetu watu wakisikitika, yeye alituma barua ya furaha: badala ya nchi moja ya kukusanya, amepata tatu.

Mhubiri huanza kwa kuulizia hali ya roho yako na kumalizia kwa kijitabu. Tumpite kwa heshima.

Msahihishaji ni nadra. Kielelezo kilichopo ni Mwingereza mmoja aliyemrudishia shangazi barua yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Shangazi, ambaye ualimu alizaliwa nao, akamrudishia ya kwake, aya ya Kiswahili alichojifunzia kitabuni, ikiwa na alama: 4 kati ya 10, ongeza bidii. Walidumu muda mrefu kuliko ndoa kadhaa ninazozifahamu.

Kuna pia chotara wa redio, Mtuma Salamu. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963, pamoja na redio zetu za nyumbani, kalamu ilipata bahasha isiyo na mlango: unajaza kadi ya salamu, unataja watu kumi, na taifa zima linasikia. Wengi wa wanaosalimiwa hujawahi kuonana nao. Baadhi ya wanasayansi wangemtoa kwenye jamii hii kwa kuwa haandiki barua kamili. Mimi nambakiza, kwa sababu ukitajwa redioni na mtu wa Sumbawanga huna njia ya kukwepa: lazima nawe umtaje. Kutokana na madeni ya namna hiyo vimezaliwa vyama vya watuma salamu vinavyozikana na kuozeshana, ambamo mtu anafahamika kwa jina lake la redioni miaka yote, na jina la ubatizo linajulikana siku padri anapolisoma msibani.

Vielelezo vya nje vinapima nadharia vizuri. Mtunzi wa muziki wa Urusi, Tchaikovsky, na mjane tajiri Nadezhda von Meck waliandikiana zaidi ya barua 1,000 kati ya 1876 na 1890, kwa makubaliano kwamba wasionane. Mwaka 1879 walikutana njiani kwa bahati mbaya, kila mmoja kwenye gari lake la farasi. Mtunzi akavua kofia, mama akababaika, wakapitana bila neno. Von Meck alikuwa akimpa posho ya kila mwaka, na posho ilipokatwa barua nazo zikakatika. Deni la upande mmoja, hata likiwa la rubo 6,000 kwa mwaka, halina uhai wa deni linalopokezanwa.

Kinyume chake ni Martin Ganda wa Mutare, Zimbabwe, na Caitlin Alifirenka wa Pennsylvania, walioanza kuandikiana mwaka 1997 kwa kazi ya darasani na baadaye wakatoa kitabu pamoja, mwaka 2015. Darasani kwa Martin barua zilizofika kutoka Marekani zilikuwa chache kuliko wanafunzi, naye akapata kwa kuwa alikuwa akiongoza darasa. Karatasi ilipokosekana aliandika kwenye karatasi ya kufungia aiskrimu. Familia ya Caitlin ilimsaidia mpaka chuo kikuu. Mtu wa haraka atauita huu ufadhili. Lakini soma tena ile karatasi ya aiskrimu: aliyeiandika alikuwa anadaiwa jibu, na hakutaka kulala na deni.

Sasa tumfikie Mdaiwa Sugu, ambaye kwa maoni yangu ndiye mfalme wa jamii nzima. Hajibu kwa wakati hata siku moja, na hakatai deni hata siku moja. Kila barua yake huanza kwa kuomba radhi. Akijibu, anajibu maswali mawili kati ya matatu na kuuliza mengine manne, hivyo salio halifiki sifuri.

Kielelezo chetu ni rafiki wa shangazi wa Kisumu, aliyepatikana kwenye safu ya marafiki wa kalamu ya gazeti wote wakiwa wanafunzi. Mwishoni mwa 1976 shangazi alimwuliza, pamoja na mengine, samaki wa kwao anapikwaje mpaka mchuzi unakuwa mzito. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Baina yao kukawa kimya kitupu. Shangazi akaolewa, akazaa wawili, akahamishwa shule. Mwanzoni mwa 1984 ikaja barua kupitia S.L.P. ya zamani. Natumai u mzima wa afya. Samahani sana kwa kuchelewa kujibu, nilibanwa na shughuli. Kuhusu swali lako, nyanya zitiwe mapema na ziachwe ziive mpaka zipotee kabisa, ndipo samaki aingie. Mpaka hautajwi. Serikali mbili hazitajwi. Linatajwa deni, na linalipwa kwa mapishi.

Wameonana mara moja tu, kwenye harusi Nairobi, na kwa maelezo ya shangazi walikaa wakipepea nzi bila la kusema. Waliporudi makwao kila mmoja aliandika kurasa sita.

Siku hizi rafiki huyo yuko WhatsApp. Kila alfajiri hutuma picha ya maua yenye mstari wa Biblia, naye shangazi hurudisha kidole gumba, tiki zinageuka bluu, hesabu imefungwa kabla chai haijachemka. Shangazi hazihesabu hizo kuwa barua. Anaziita salamu za kugawa.

Barua moja haikuingia kwenye sampuli hii, kutoka Kisumu, yenye muhuri wa posta wa mwaka juzi. Niliiomba kwa maslahi ya sayansi. Shangazi aliitia kwenye pochi yake, akafunga zipu, akasema hawezi kuitoa kwa mtu wakati yeye mwenyewe bado hajaijibu.